Chupa Mbili na Heshima ya Sare: Somo kutoka Kenya

Mwezi Oktoba 2025 ilitoka habari iliyowahuzunisha wananchi wengi wa nchi jirani ya Kenya. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, chenye makao yake Monaco, kilitangaza kwamba Ruth Chepngetich amefungiwa kushindana kwa muda wa miaka 3. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni kwa muda ulio chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi yake ya saa 2, dakika 9 na sekunde 56, aliyoiweka katika mji wa Chicago tarehe 13 Oktoba 2024, haikufutwa, kwa kuwa mkojo uliomponza ulichukuliwa baadaye, tarehe 14 Machi 2025.

Ndani ya mkojo huo ilikutwa haidroklorothiazaidi. Hospitalini dawa hiyo hupewa wagonjwa wa shinikizo la damu ili kupunguza maji mwilini, lakini michezoni imepigwa marufuku kwa sababu yaweza kutumika kuficha dawa nyingine. Kiwango ambacho maabara hutakiwa kukitolea taarifa ni kuanzia nanogramu 20 katika kila mililita. Katika mkojo wa Chepngetich zilikadiriwa kuwamo 3,800. Mwanzoni alisema hajui dawa hiyo imemfikiaje. Baadaye alieleza kwamba alikuwa mgonjwa, akanywa dawa ya mtumishi wake wa nyumbani. Mwishowe alikiri kosa, na kwa kukiri mapema akapunguziwa adhabu kutoka miaka 4 hadi miaka 3.

Hapo huzuka swali ambalo askari na polisi, kwa kazi yao, wanaweza kulielewa kuliko watu wengine. Kwa nini neno la bingwa, mwenye sifa dunia nzima, lishindwe na chupa ndogo ya mkojo? Na chupa hiyo nayo inaaminika kwa sababu gani? Jibu limo katika historia ya upimaji wenyewe, na katika historia hiyo watu waliovaa sare nchini Kenya wana sehemu kubwa.

Matumizi ya dawa michezoni hayakuanza jana. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904 huko St. Louis, Marekani, mkimbiaji wa marathoni Thomas Hicks alipewa njiani strikinini, ambayo ni sumu, ikiwa imechanganywa na ute wa yai, na tena akanyweshwa brandi. Alifika mwisho akiwa hoi, nusura afe, akapewa ushindi. Hakuna aliyemshtaki, kwani hapakuwa na sheria. Waliotangulia kupimwa walikuwa farasi, si binadamu. Mnamo mwaka 1910, huko Austria, mate ya farasi wa mashindano yalianza kuchunguzwa kwa dawa, maana fedha nyingi za kamari zilikuwa zimewekwa juu ya migongo yao. Mali ililindwa kwanza. Uhai wa mtu ulingoja zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1928 Shirikisho la Riadha la Dunia lilipiga marufuku vichangamshi, likiwa la kwanza kufanya hivyo miongoni mwa mashirikisho ya michezo ya kimataifa. Lakini hapakuwa na kipimo cha kumgundua mkosaji. Marufuku isiyo na kipimo ni amri isiyo na askari wa kuisimamia. Kila mtu huisikia, na anayetaka kuivunja huivunja.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Majeshi ya Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani yaliwagawia baadhi ya askari na marubani vidonge vya jamii ya amfetamini ili wakeshe na kusahau uchovu. Vita vilipokwisha, vidonge vilibaki, vikapata soko jipya kwa waendesha baiskeli na wanamichezo wengine. Amfetamini haimpi mtu nguvu asizokuwa nazo, bali huzima kengele ya hatari ambayo mwili humpigia mtu anapokaribia kikomo chake. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka juu ya mlima Mont Ventoux katika mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, chini ya jua kali, akafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwilini mwake mlikuwamo amfetamini na pombe.

Katika mwaka huo huo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda tume ya utabibu, na mwaka 1968 upimaji ukaanza katika Michezo ya Olimpiki. Mtu wa kwanza kuondolewa alikuwa Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, katika Michezo ya Mexico. Mchezo wake ulikuwa wa mambo matano uliobuniwa kutokana na kazi za askari: kupanda farasi, kupigana kwa upanga, kulenga shabaha kwa bastola, kuogelea na kukimbia. Yeye alisema kwamba alikunywa bia mbili ili kutuliza mkono kabla ya kulenga shabaha. Wasweden wakanyang'anywa medali yao ya shaba.

Michezo hiyo hiyo ya Mexico ndiyo iliyoitangaza Kenya. Naftali Temu, mwanajeshi, alishinda mbio za mita 10,000. Kipchoge Keino, ofisa wa polisi, alishinda mita 1,500. Tangu hapo kambi za jeshi, polisi na magereza nchini Kenya zikawa shule za riadha. Kijana mwenye mbio aliandikishwa, akapewa sare, mshahara na muda wa mazoezi. Kwa hiyo bingwa wa Kenya, mara nyingi, alikuwa pia mtumishi wa dola aliyekula kiapo.

Upimaji nao ulizidi kukua. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974, ambako Filbert Bayi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, kipimo cha steroidi kilijaribiwa bila kumwadhibu mtu. Steroidi ni dawa zinazojenga misuli kwa kuiga homoni za kiume. Mwaka 1976, huko Montreal, kipimo hicho kilianza kutumika rasmi katika Olimpiki. Tarehe 24 Septemba 1988, huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, baada ya siku tatu tu alinyang'anywa medali kwa sababu ya steroidi iitwayo stanozololi.

Kisa cha Johnson kilifundisha jambo moja kubwa. Mtu mjanja hutumia dawa wakati wa mazoezi, huiacha mapema, na siku ya mashindano mkojo wake huwa safi. Kumpima uwanjani peke yake ni sawa na kupiga doria mchana tu, ilhali mwizi hufanya kazi usiku. Basi wapimaji wakaanza kuwafuata wanariadha majumbani na makambini, bila taarifa.

Utaratibu huo mpya ulipofika Kenya, aliyekutwa nao alikuwa askari. John Ngugi, mwanajeshi, alikuwa ameshinda mita 5,000 huko Seoul na ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano. Mwezi Februari 1993 alitokea nyumbani kwake mgeni kutoka ng'ambo, bila ahadi, akamtaka atoe mkojo. Ngugi alikataa. Watetezi wake walisema kwamba hakuelewa mgeni huyo ni nani wala ana mamlaka gani. Lakini kanuni ilisema wazi: anayekataa kupimwa huhesabiwa kama aliyepatikana na dawa. Alifungiwa miaka 4. Mwaka 1995 Shirikisho la Riadha la Dunia lilikubali kwamba mazingira yake yalikuwa ya pekee, likamfungulia. Hata hivyo miaka yake bora ilikuwa imekwisha kupotea. Hakuna dawa yoyote iliyokutwa katika mwili wake.

Kisa hicho chafaa kutazamwa kwa pande zote mbili. Mlinzi anayesimamisha mtu njiani hana budi kujitambulisha na kusema amri anayoitekeleza. Naye anayesimamishwa, akiisha kumtambua mlinzi, hana budi kutii, na kama ana malalamiko ayapeleke mahali panapohusika. Upande mmoja ukikosa, haki yenyewe hupata hasara.

Ili kuepuka mashaka ya namna hiyo, upimaji umewekewa taratibu zinazofanana sana na zile za kulinda kielelezo cha mahakamani. Mpimaji huonyesha kitambulisho. Tangu hapo mwanariadha haondoki machoni pake. Hutoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya ofisa wa jinsia moja naye, ambaye hutakiwa kuona kwa macho yake mkojo ukitoka mwilini. Mwanariadha mwenyewe huchagua sanduku la chupa lililofungwa. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, ya kwanza A na ya pili B, na chupa zikifungwa haziwezi kufunguliwa bila kuacha alama. Chupa hazina jina, zina namba tu; mtaalamu wa maabara hajui kama anapima mkojo wa bingwa au wa mtu asiyejulikana. Chupa A ikionyesha dawa, mwanariadha ana haki ya kudai chupa B ifunguliwe mbele yake au mbele ya mwakilishi wake. Na sampuli zaweza kuhifadhiwa hadi miaka 10, ili elimu mpya ipime uovu wa zamani.

Faida ya kuhifadhi sampuli ilimfikia Mkenya mmoja wa jeshi la polisi, Asbel Kiprop. Katika Michezo ya Beijing mwaka 2008, akiwa kijana wa miaka 19, alimaliza wa pili katika mita 1,500, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka 2009 sampuli za Beijing zilipimwa upya kwa njia mpya, na ya Ramzi ikakutwa na dawa ya jamii ya EPO, yaani homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu ili damu ibebe hewa nyingi zaidi. Ramzi alivuliwa ubingwa, na dhahabu ikawa ya Kiprop.

Kiprop aliendelea, akawa bingwa wa dunia mwaka 2011, 2013 na 2015. Kisha mwezi Novemba 2017 wapimaji walimfikia huko Iten, na katika mkojo wake ikakutwa EPO. Yeye alikana kabisa. Mwezi Aprili 2019 alifungiwa miaka 4. Mtu aliyepewa dhahabu na chupa ya mwenzake aliangushwa na chupa yake mwenyewe.

Lakini ndani ya kesi hiyo lilijitokeza jambo jingine la kuaibisha. Kiprop alidai kwamba alijulishwa siku moja kabla kuwa atapimwa, na kwamba aliombwa fedha. Kitengo cha Uadilifu kilikiri kwamba ni kweli alipewa taarifa mapema na mpimaji, kinyume cha kanuni, ingawa kilisema kwamba kosa hilo halibadilishi kilichokutwa ndani ya mkojo. Yaani lindo lilikuwa limevuja.

Wala halikuvuja huko peke yake. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Urusi, mwaka 2014, kwa mujibu wa ripoti ya Richard McLaren ya mwaka 2016, chupa za wanariadha wa Urusi zilipitishwa usiku katika tundu la ukuta wa maabara, maofisa wa usalama wakazifungua, na mkojo mchafu ukabadilishwa kwa mkojo safi uliowekwa akiba. Katika Michezo ya Rio mwaka 2016 meneja wa timu ya riadha ya Kenya alirudishwa nyumbani baada ya kurekodiwa na waandishi wa habari akiahidi kutoa taarifa za mapema za upimaji kwa malipo ya pauni 10,000. Baadaye alifungiwa miaka 10. Mashine za maabara zaweza kuona chembe ndogo mno ya dawa, lakini haziwezi kuona mkono uliopokea rushwa kabla chupa haijafika.

Wengine walijaribu kushinda kwa karatasi badala ya dawa. Kila mwanariadha mkubwa hutakiwa kutaja saa moja ya kila siku na mahali atakapopatikana. Akikosa mara tatu katika miezi 12, hilo ni kosa. Wilson Kipsang, ofisa wa polisi aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 23 mwaka 2013, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana na pia kwa kutoa ushahidi wa uongo. Miongoni mwa vielelezo vyake ilikuwamo picha ya lori lililopinduka, ambalo alisema lilimzuia barabarani. Wachunguzi waligundua kwamba ajali hiyo ilitokea siku nyingine kabisa. Naye Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, mwaka 2016, alikutwa na EPO mwaka 2017 akafungiwa miaka 4. Alipotoa hati za hospitali zilizoonekana kuwa za kughushi, adhabu ikafikishwa miaka 8. Uongo wa kuficha kosa ulikuwa kosa jipya juu ya kosa.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka 2016 ilitungwa sheria ya kupambana na dawa haramu michezoni, na chombo maalumu cha kuisimamia kikapewa nguvu. Awali damu iliyochukuliwa bondeni ilibidi isafirishwe haraka kwa ndege hadi nchi za mbali, jambo lililowafanya wapimaji washindwe kufika wakati wowote wapendao. Mwaka 2018 maabara ya kupima damu iliidhinishwa Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2022, wakati nchi nzima ilipokuwa karibu kufungiwa nje ya riadha ya dunia, serikali iliahidi kutoa dola milioni 25 za Marekani katika miaka 5. Tangu hapo upimaji uliongezeka, na waliokamatwa wakaongezeka. Kufikia mwaka 2025 orodha ya waliofungiwa ilikuwa na majina ya Wakenya zaidi ya 100.

Si haki kuitazama orodha hiyo na kusema kwamba kila Mkenya anayeshinda ni mwizi. Mji ambao polisi wake wanafanya kazi huandika kesi nyingi kuliko mji ambao polisi wake wamelala. Wala si haki kusahau umaskini unaomsukuma kijana. Ushindi wa marathoni moja kubwa waweza kumpatia fedha za kununua shamba, kujenga nyumba na kusomesha ndugu wote, na wapo matapeli wanaojiita madaktari au makocha ambao huuza sindano kwa vijana wasiojua wanachochomwa. Lakini kanuni ya michezo haiulizi ni nani aliyetia dawa mwilini. Mwili ni wa mwanariadha, na yeye ndiye mlinzi wake wa kwanza.

Anayeumia zaidi ni nani? Aulizwe Edna Kiplagat, ofisa wa polisi wa Kenya, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Mwezi Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 41, alikimbia Boston akamaliza wa pili, nyuma ya mwenzake wa Kenya, Diana Kipyokei. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mwezi Desemba 2022, ilitangazwa kwamba Kipyokei amefungiwa miaka 6 kwa kukutwa na dawa iliyokatazwa na kwa kutoa maelezo na hati za uongo, na ushindi ukapewa Kiplagat. Haki ilifika. Lakini utepe ulikuwa umekwisha kukatwa na mtu mwingine, umati ulikuwa umekwisha kumshangilia mtu mwingine, na siku ile haiwezi kurudishwa na barua yoyote. Mtumishi huyu wa dola alikimbia kwa miguu yake na damu yake, akaibiwa hadharani, na aliyemrudishia mali yake ni chupa ya mkojo iliyolindwa vema na watu asiowajua.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Chupa huaminika kuliko neno la bingwa kwa sababu chupa haijui bingwa ni nani. Lakini uaminifu wake haukuzaliwa ndani ya kioo. Umetokana na mtu aliyefika alfajiri bila kumjulisha yeyote, aliyekataa bahasha, aliyeandika namba kwa usahihi, akafunga kifuniko, na hakuacha kielelezo kitoke machoni pake. Mtu huyo akikosa, maabara nzima ni bure.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Vijana wenye mbio wamo pia katika makambi ya upande huu wa mpaka, fedha za mashindano ya nje ni zile zile, na wauza sindano hawahitaji pasi ya kusafiria. Askari anayekimbia kwa ajili ya nchi yake anavaa sare hata anapokuwa na kaptura na fulana uwanjani. Mpimaji akibisha hodi, afunguliwe mlango. Na askari mwingine akipewa zamu ya kulinda chupa hizo mbili, azilinde kama anavyolinda ghala la silaha, maana ndani yake mna haki ya mtu ambaye huenda hatamwona kamwe.